Mwendo wa Kuzungumza

Tangu Buzuruga, ndani ya bajaji, Odeta alikuwa amejipangia kila kitu. Akimwona Shimba atasalimia kwanza, kisha ataomba radhi, kisha, kama ujasiri utakuwa umebaki, atamweleza habari ya posa. Aliyapanga hayo kwa utaratibu ule ule anaowapangia wanafunzi wake mazoezi ya viungo. Lakini mapenzi hayafuati filimbi ya mwalimu wa michezo. Bajaji ilipomshusha Capri Point, pale barabara inapolisogelea ziwa, akamwona Shimba ameketi juu ya jiwe akifunga kamba za raba, na yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

Hakuwa amekonda kama watu walivyokuwa wakisema. Mabega yalikuwa yale yale mapana, na mikono ile ile ya fundi wa injini za mitumbwi, yenye weusi wa oili usiokubali sabuni. Kilichobadilika ni namna alivyoinua uso. Zamani Shimba alikuwa akimwona Odeta anacheka kwanza ndipo anasalimia. Leo alimtazama tu, kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa kati ya watu walioachana, kisha akarudi kwenye kamba zake.

Pembeni yake alisimama Hellen, dada yake mkubwa, chupa ya maji mkononi.

"Shikamoo dada," Odeta alisema.

Hellen alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba. Marahaba haikutoka. Mtu anaweza kukunyima chakula ukasamehe, akakunyima hata mahali pa kulala ukasamehe, ila akikunyima marahaba ujue kesi yako ni nzito.

"Umefuata nini?" Hellen aliuliza. "Au baba yako kaishiwa nyimbo, kakutuma uje kuokota maneno mengine?"

"Dada," Shimba alisema taratibu.

"Niache niseme. Mimi ndiye niliyekuuguza. Yeye kazi yake ilikuwa kutangaza."

Yote mawili yalikuwa kweli.

Na hapa yafaa msomaji ajue kesi yenyewe. Kule Kisesa, kila mwaka kwenye sikukuu ya Bulabo, makundi mawili ya ngoma za Kisukuma hukutana uwanjani, Bagika na Bagalu, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi upande wake. Kila upande unaamini upande wa pili una dawa. Shimba alikuwa kiongozi wa wachezaji wa majembe upande wa Bagika. Mzee Ngosha, baba yake Odeta, alikuwa manju wa Bagalu, mtunzi na mwimbaji ambaye Magu nzima ilimwogopa kwa ulimi. Vijana hawa wawili walipopendana, ndugu wa pande zote walinuna, lakini walinunia chini chini, maana Shimba alikuwa mtu wa kazi na Odeta alikuwa mwalimu, na hakukuwa na sababu ya maana ya kuwakataza.

Kisha ikaja Bulabo ya mwaka jana. Jua la saa sita lilikuwa linachoma, Shimba hajala, amekunywa vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo badala ya chai, na ngoma imekolea. Akalirusha jembe juu kama alivyozoea, lakini kabla halijarudi yeye alikuwa ameshaanguka. Watu wa Bagika wakapiga kelele kwamba Bagalu wamemtupia kitu. Hospitali ilisema neno jingine: mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, moyo ambao mara unakimbia, mara unaruka, mara unasahau zamu yake. Alipewa dawa za kupunguza kasi ya mapigo na za kuzuia damu isigande, na maelekezo marefu ya namna ya kuishi.

Odeta alikuwamo chumbani maelekezo yale yalipotolewa, lakini alisikia neno moyo na neno kiharusi, basi, masikio yakafunga. Shimba akiwa bado kitandani, yeye akapanda gari hadi Kisesa, nyumbani kwa Shigela, mkuu wa kundi lao, akasimama mbele ya wachezaji wote na kusema, "Moyo wa Shimba umeharibika. Msimchezeshe tena."

Alisema kwa mapenzi. Ila aliyesema alikuwa binti wa Ngosha. Binti wa Bagalu kuja kwenye boma la Bagika kutangaza kwamba moyo wa kiongozi wao umeharibika ni sawa na kuja kuvuna ushindi, na hakuna mtu pale aliyelisikia vingine. Maneno yakafika Magu kabla yake. Mzee Ngosha, mtu asiyeacha neno tamu lipotee, akayageuza wimbo, na kwa Kiswahili wimbo wenyewe ulisema hivi: Shimba kalala, moyo wake uko Magu, nani kautoa, kautoa anayeupenda. Ukaimbwa minadani, ukaimbwa mashambani, ukachezwa kwenye simu za waendesha bodaboda mpaka Nyamagana. Shigela na wenzake wakalichukua jembe la Shimba kwao bila kumngoja, wakampa mwingine.

Shimba aliporuhusiwa kutoka hospitali alimpigia Odeta simu mara moja tu. Alisema, "Asante," akakata. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyu wa Odeta alikuwa amezaliwa siku ile na sasa alikuwa anatembea.

"Nimekuja kuzungumza na Shimba," Odeta alimwambia Hellen. "Akikataa nitaondoka."

"Anakataa."

"Sijakataa," Shimba alisema. Alisimama, akajinyoosha kwanza mguu mmoja kisha wa pili, bila haraka. "Huu ni muda wangu wa mazoezi, Odeta. Daktari kanikataza kutembea peke yangu. Kama unataka kuzungumza, tembea. Dada, leo pumzika."

"Nimwachie huyu?"

"Mwachie."

Hellen alimeza kitu kilichokuwa kinataka kutoka kama tusi. Akamsukumia Odeta ile chupa ya maji.

"Basi nisikilize, mwalimu, na safari hii usikilize mpaka mwisho. Anaanza polepole, usimvute. Katikati anaongeza mwendo, lakini awe anaweza kuzungumza nawe sentensi nzima bila kukatika. Akiweza kuimba, anazembea. Akishindwa kumaliza neno, anajiua. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Anywe maji kidogo kidogo. Akikwambia kifua kinabana, au kizunguzungu, au moyo unakimbia wenyewe, mkalishe chini unipigie. Usijifanye daktari. Na akinyamaza, muulize kwa nini."

"Nitamuuliza."

"Hilo la kuuliza ndilo lililokushinda mwanzo," Hellen alisema, akakaa kwenye jiwe na kuwapa mgongo.

Wakaanza kutembea. Upande wa kulia ziwa lilikuwa limetulia, korongo wamejipanga juu ya mawe kama wazee kwenye kikao, na kwa mbali kivuko cha Kamanga kilikuwa kinapiga honi kuita abiria. Watu wa jogingi waliwapita kwa kundi, wamevaa fulana za rangi moja, wakiimba. Shimba aliwatazama mpaka wakatoweka. Odeta aliona namna alivyowatazama, akatamani ardhi impokee.

"Zungumza," Shimba alisema. "Hiyo ndiyo sheria ya barabara hii. Dada huwa ananisimulia ugomvi wa majirani tangu hapa mpaka mwisho. Nimeshawajua watu nisiowahi kuwaona."

"Niseme nini?"

"Chochote. Timu yako ya netiboli inaendeleaje?"

"Tumefungwa na shule ya Igoma. Mshambuliaji wangu, Queen, kaanza kupenda. Mpira anadaka kwa mkono mmoja, macho yako nje ya uwanja."

Shimba akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini ni kile kile, na Odeta alikipokea kwa njaa ambayo aliionea aibu.

"Umemwadhibu?"

"Ningemwadhibu kwa kosa gani? Mimi mwenyewe nimeshafanya mabaya zaidi kwa sababu hiyo hiyo."

Shimba akaanza kuongeza mwendo, na Odeta akaufuata, sikio lake likiwa kwenye pumzi ya mwanaume yule. Aliwahi kulala akiisikiliza pumzi ile kwenye simu, enzi za maongezi yasiyo na mwisho, wakati wote wawili wanasinzia na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata. Sasa alikuwa anaisikiliza kwa sababu amekabidhiwa.

"Unaendeleaje lakini?" aliuliza. "Kweli kweli."

"Naendelea vizuri. Kuna siku moyo unafanya vituko, lakini nimeshaujua. Mwanzoni nilikuwa naogopa hata kupanda ngazi. Nikawa nakaa tu, nanenepa, dada ananifulia mpaka soksi. Daktari Awuor akanifokea. Akaniambia, 'Wewe Shimba, moyo wako unahitaji kazi, ila kazi ya kipimo. Ukiulaza utaharibika kwa njia nyingine.' Ndipo tukaanza huku. Mwanzo nilikuwa sifiki hata pale kwenye nguzo."

"Na kazini?"

"Injini nafungua mwenyewe. Kuibeba ufukweni, anabeba mwingine. Na nikishika chombo chenye makali navaa glovu, maana hizi dawa za damu, nikijikata inachelewa kukoma." Alimtazama kidogo. "Umekuja asubuhi yote hii kuniuliza habari za injini?"

Odeta alikunywa maji ya chupa ambayo hayakuwa yake, kisha akakumbuka na kumpa Shimba naye anywe.

"Kesho wageni wanakuja nyumbani Magu," alisema. "Wanaleta posa."

Shimba alirudisha chupa. Akaendelea kutembea, macho mbele. Hatua zikapita, zikapita nyingine, na yeye hasemi.

"Shimba."

Kimya.

"Shimba, sema kitu. Kifua kinabana? Tukae?"

"Kifua hakibani. Niko salama." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimenyamaza kwa sababu zangu tu. Nani?"

"Pius. Ana mashine ya kukoboa mpunga pale barabarani, karibu na mnada."

"Namfahamu. Niliwahi kumtengenezea injini ya mashine yake. Si mtu mbaya."

"Ndiyo shida yake. Angekuwa mbaya ningekuwa na la kumwambia baba."

"Na baba kakubali?"

"Baba kamkubali kabla hajamaliza kujieleza. Anasema mtu mwenye moyo mzima ndiye wa kumpa binti. Unajua maneno yake."

"Nayajua sana maneno yake," Shimba alisema, na hakukuwa na ukali ndani yake, jambo lililomuumiza Odeta zaidi ya ukali.

Mwendo sasa ulikuwa umechanganya. Jasho jembamba lilimtoka Shimba kwenye paji la uso na akalifuta kwa kiwiko. Odeta akaona kwamba barabara si ndefu kama alivyodhani, na asipolisema lile lililomleta, watafika mwisho na kurudi na yeye atapanda bajaji akiwa na mzigo wake wote.

"Nisikilize," alisema. "Sitaki kujitetea. Nataka ujue tu nilichokiona. Siku ile uwanjani nilikuwa nimesimama upande wetu, upande wa Bagalu, lakini macho yangu yalikuwa kwako tu. Ulilirusha jembe. Nikakuona unaanguka, na jembe bado liko juu. Liliendelea kuzunguka angani wakati wewe umeshalala. Likatua pale karibu na kichwa chako. Tangu siku hiyo kila nikifumba macho naliona lile jembe linashuka. Nikasema halishikwi tena na mkono wako, hata kama utanichukia. Nikaenda kwa Shigela. Sikufikiri mimi ni binti wa nani. Niliona tu nimewahi kabla jembe halijatua tena."

Shimba alisikiliza mpaka mwisho. Alipofungua mdomo, alizungumza taratibu, sentensi nzima nzima, kama barabara ilivyotaka.

"Sikukasirika kwa sababu uliogopa, Odeta. Hata mimi niliogopa. Nikueleze kitu ambacho hata dada hakijui?"

"Nieleze."

"Nilikuwa nimeshaamua kuacha majembe. Nikiwa pale pale kitandani. Daktari alinieleza: kurushiana vyuma vyenye makali juani, na damu yangu hii, hapana. Lakini akasema kucheza kwingine si kosa, mradi nianze polepole na nisishindane na mtu. Nikawaza. Nikajua nitakachofanya. Nilikuwa nangoja tu nitoke, nikuchukue wewe, twende wote Kisesa. Kwetu kiongozi anayelikabidhi jembe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, anaimbiwa wimbo wa heshima. Ningelikabidhi, kisha ningeomba nafasi kwenye wigashe, ile ngoma ya kuimba mmekaa. Nilitaka ukae mbele yangu, upande wa wasichana, hata kama ni Bagalu. Watu wacheke wanavyotaka."

Hatua za Odeta zikaanza kupungua.

"Anayenyang'anywa jembe, ndiye anayeimbwa kama nilivyoimbwa mimi," Shimba aliendelea. "Ulichokizuia nilikuwa nimeshakizuia. Ungeniuliza tu. Ungekuja kitandani ukasema, 'Shimba, sasa utafanyaje?' Ningekwambia yote. Hukuniuliza."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema kutokuuliza kunaweza kugharimu nini. Odeta, mwalimu mzima, mtu ambaye kila siku anawauliza wanafunzi wake wanaumwa wapi kabla hawajaingia uwanjani, alikuwa amemuuliza kila mtu duniani isipokuwa mwenye moyo wenyewe. Akasimama katikati ya barabara, machozi yakimteremka bila aibu.

Shimba hakusimama.

"Shimba, simama," alisema kwa sauti iliyovunjika. "Simama nikuombe radhi uso kwa uso."

"Siwezi kusimama ghafla," Shimba alisema. Alikuwa amegeuka, na sasa alikuwa anakuja, akampita, akamzunguka. "Mwili ukiwa umechangamka hivi haukatizwi. Natakiwa nipunguze mwendo kidogo kidogo mpaka moyo utulie. Wewe sema tu. Nakusikia."

Basi Odeta akaomba radhi akiwa amesimama katikati, na mwanaume anayempenda akimzunguka polepole kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mwendesha baiskeli aliyepita aliwashangaa, akageuza shingo mpaka nusura aingie mtaroni. Odeta akacheka na kulia kwa pamoja. Alisema, nisamehe kwa Kisesa. Nisamehe kwa wimbo. Nisamehe kwa kukufanya mgonjwa mbele ya watu kabla hujaamua kuwa mgonjwa. Kila mara alipotaka kumwona usoni ilibidi ajigeuze, na alipogeuka Shimba alikuwa ameshasogea.

"Nimekusamehe," Shimba alisema. "Nilikusamehe zamani. Nilichelewa tu kukwambia."

"Unanipenda bado?"

Shimba alizunguka nusu duara kabla hajajibu.

"Ndiyo."

"Basi sema nisiolewe. Neno moja tu. Sema, 'Odeta, usikubali.' Nitampigia baba sasa hivi, hapa hapa, unasikia. Wageni hawatatoka hata nyumbani kwao."

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Si umesema unanipenda?"

"Nimesema. Na ni kweli." Mwendo wake ulikuwa umepungua sana sasa, karibu wa mtu anayetafuta kitu chini. "Lakini unataka niamue mimi. Wewe uliniamulia, mimi nikakaa mwaka mzima nayalamba maumivu ya kuamuliwa. Sitaki uyajue. Nikisema usikubali, siku utakayojuta utanijutia mimi. Utakuwa unanitazama mezani unasema, huyu ndiye aliyenikatalia Pius."

"Sitasema hivyo."

"Hujui. Hata mimi sikujua kama naweza kukukatia simu."

Odeta alijifuta uso kwa ncha ya kilemba. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Nikimkubali?"

"Nitaumia. Nitameza dawa zangu, nitakuja hapa asubuhi nitembee, na nitaumia. Sitakufa. Daktari amesema bado niko imara."

"Na nikimkataa?"

Hapo ndipo Shimba aliposimama. Mwili wake ulikuwa umetulia, pumzi imerudi. Walikuwa karibu kiasi kwamba Odeta aliweza kuona mshipa wa shingoni mwake unavyodunda, mara mbili haraka, kisha kimya kidogo, kisha tena. Alitamani auwekee kidole na kuubembeleza.

"Sijui," Shimba alisema. "Sitakudanganya, Odeta. Nakupenda, lakini kila ukilitaja neno moyo, nausikia ule wimbo. Hata sasa nausikia. Labda siku moja nitaacha kuusikia. Labda hapana. Siwezi kukufanya ukatae mtu mzima kwa sababu ya labda yangu."

Alinyoosha mkono, akamshika shavu kwa kiganja kile chenye oili, muda mfupi kuliko Odeta alivyotaka. Kisha akachukua chupa ya maji, akageuka, akaanza kurudi kwa mwendo wa matembezi ya kawaida. Mbele kule Hellen alikuwa amesimama kwenye jiwe, kiganja juu ya macho, anawatafuta. Odeta hakumfuata. Alijua akimfuata atamshika shati, na kumshika shati nako ni namna ya kumwamulia.

Alitoa simu. Mzee Ngosha alipokea haraka, sauti imejaa sherehe.

"Mayu, mama yangu. Umeamkaje?"

"Salama baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mama zako wadogo wameshafika, wanapepeta mchele. Unakuja na gari la saa ngapi?"

"Baba, wageni wasije."

Kwa upande wa pili zikasikika tu sauti za wanawake wanaopepeta na kucheka.

"Uko wapi?" mzee aliuliza.

"Mjini. Nimetoka kuzungumza na Shimba."

"Nilijua. Huyo kijana kakupa nini? Kakwambia umkatae Pius?"

"Nimemwomba aniambie. Amekataa kusema."

"Amekataa?" Mzee Ngosha alishangaa kweli, maana hakuwa amezoea maadui wenye adabu. "Basi anakutaka?"

"Hajasema."

"Ameahidi chochote?"

"Hajaahidi."

"Sasa, mayu, nieleze mimi mzee wako. Unamkataa mtu aliyekuja mlangoni, kwa ajili ya mtu ambaye hata hajakuita?"

"Baba, ule wimbo. Uache."

Mzee alishusha pumzi. Aliporudi, sauti haikuwa tena ya manju wa Bagalu, ilikuwa ya baba tu.

"Nimeshauacha tangu siku ulipoacha kula ukiwa hapa nyumbani. Hukujua? Lakini wimbo ukishatoka haurudi kwa aliyeutunga. Jana nimewasikia watoto wanauimba wakichunga. Niliwafukuza, wakauimbia mbali."

Odeta alifumba macho. Alikuwa amefikiri kwamba baba yake ndiye mwenye ufunguo wa jambo lile, na kumbe naye alikuwa amesimama nje.

"Nitawaambia wageni wasije," Mzee Ngosha alisema mwishowe. "Nitatukanwa, lakini nitawaambia. Ila wataniuliza, na Pius ni mtu mzima, siwezi kumjibu upuuzi. Watauliza binti yangu anamngoja nani. Niwaambie nini?"

Odeta alitazama barabara. Shimba alikuwa amemfikia dada yake. Hellen alimpa taulo, akamshika mkono, wakaanza kupanda pamoja kuelekea nyumbani, na Shimba hakugeuka.

"Waambie nimeamua mwenyewe, simngoji mtu," alisema.

Akakata simu, akaenda kukaa kwenye lile jiwe ambalo Shimba alikuwa ameketi, akabaki pale mpaka jua likawa kali.